Tunu na Mpango wa Kumwona Tembo wa Vizibo

Sogea karibu. Kaa vizuri. Nipe masikio yote mawili, hili na hilo.

Leo nakusimulia habari za Tunu. Tunu ana pengo mbele, pale jino lilipong'oka, na kwenye pengo hilo hutoka maswali kutwa nzima.

Tunu anakaa na Mama na Baba. Mama ni fundi cherehani. Cherehani yake inaimba asubuhi, inaimba mchana. Trrr! Trrr! Tek-tek-tek!

Siku moja shuleni, mwalimu aliwaonyesha watoto picha. Ilikuwa picha ya tembo.

Lakini si tembo wa porini. Tembo huyu ametengenezwa kwa vizibo vya soda! Vizibo vyekundu, vizibo vya kijani, vizibo vya bluu.

Masikio, vizibo. Mkonga, vizibo. Hata mkia, vizibo vitupu!

"Mwalimu, huyu tembo anakaa wapi?" Tunu aliuliza.

"Anakaa kwenye Jumba la Sanaa, hapa hapa mjini," mwalimu alisema. "Ni jumba kubwa sana. Lina vyumba vingi, na kila chumba kimejaa picha na vinyago. Watu wanakuja kutoka kila mahali kuviangalia."

Tunu alirudi nyumbani mbio. Alisahau kuvua viatu. Alisahau hata kuamkia, na kwao hilo ni kosa.

"Mama! Nataka kumwona Tembo wa Vizibo!"

Cherehani ikasimama. Trrr... tek. Kimya.

"Kwanza shikamoo," alisema Mama.

"Shikamoo, Mama. Nataka kumwona Tembo wa Vizibo!"

"Marahaba. Tembo wa nini?"

"Wa vizibo! Vya soda!"

Mama akacheka. Baba, aliyekuwa anafunga kamba za viatu mlangoni, naye akacheka. "Haya basi," alisema Baba. "Jumamosi hatufanyi kazi. Tutakwenda wote tukamwone huyo tembo."

Tunu akaruka. Hop! Akaruka tena. Hop! Alifurahi mpaka pengo lote likaonekana.

Hapo ndipo alipoingia Shangazi Mwanjaa.

Shangazi Mwanjaa ni dada yake Baba. Ana sauti kubwa na kicheko kikubwa. Jambo dogo likiingia mdomoni mwake, linatoka kubwa.

"Jumba la Sanaa? Jumamosi?" alisema Shangazi. "Weee! Mimi nimefika pale. Watu! Watu kama siafu! Nimekanyagwa mguu huu. Nimekanyagwa na huu. Kandambili yangu ya kushoto mpaka leo sijaiona!"

Tunu akaacha kuruka.

Unajua kwa nini? Tunu bado ni mfupi. Kwenye watu wengi haoni nyuso. Anaona magoti tu, na mikoba, na magoti mengine.

Tunu akaogopa. Aliogopa kweli. Alitaka sana kumwona tembo, lakini hakutaka kumpoteza Mama.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Na je, watu wakiwa wengi? Na je, nikipotea?"

"Hupotei, Tunu," alisema Mama. "Tutafanya mpango."

Basi jioni wakakaa kikao. Walikaa mkekani, na birika la chai, na sahani ya maandazi. Shangazi Mwanjaa alikaa karibu na maandazi.

Baba alianza. "Mpango ni kuwahi," alisema. "Tutafika kabla mlango haujafunguliwa. Tutaingia wa kwanza, tutamkuta tembo peke yake."

Tunu alifikiri. Alitafuna andazi, akafikiri tena.

"Na wao wakiwahi?" aliuliza. "Na je, watu wakiwa wengi? Na je, nikipotea?"

"Hupotei, Tunu," alisema Baba. "Mpango tunao."

Mama naye akasema. "Tusizunguke vyumba vyote. Tutachoka bure. Kila mtu achague kitu kimoja tu cha kuona."

"Mimi tembo!" alisema Tunu.

"Mimi picha za malori," alisema Baba. Baba anapenda malori kuliko chai, na chai anaipenda sana.

"Mimi nguo za zamani," alisema Mama. "Nataka nione wenzangu wa zamani walishonaje."

"Mimi nitaona benchi," alisema Shangazi Mwanjaa. "Miguu yangu inapenda sana mabenchi."

Wote wakacheka, isipokuwa Tunu.

"Na je, watu wakiwa wengi? Na je, nikipotea?"

"Hupotei, mwanangu," alisema Shangazi. "Tutashikana mikono! Wewe umshike Mama. Mama amshike Baba. Baba anishike mimi. Simameni tujaribu!"

Wakasimama. Wakashikana mikono. Wakaanza kuizunguka nyumba, mmoja nyuma ya mwingine.

Chapa-chapa-chapa! Wakapita jikoni. Chapa-chapa-chapa! Wakapita uani. Kuku akaona mstari ule unakuja, akakimbia. Kwe! Kwe! Kweee!

Vumbi likapanda. Likapanda mpaka puani kwa Shangazi Mwanjaa.

"Ha... ha... HACHYAAA!"

Shangazi akaachia mkono. Baba akaachia mkono. Mama akageuka kuangalia, naye akaachia mkono. Mstari wote ukakatika.

Tunu akabaki peke yake karibu na pipa la maji. Akautazama mkono wake. Haukushika kitu.

"Mnaona?" alisema Tunu, na macho yakamjaa machozi. "Mkono unaachia!"

Hapo hakuna aliyecheka. Maana ni kweli. Mkono huachia.

Mama akapangusa vumbi mikononi. Akamtazama Tunu. Akaitazama cherehani yake. Akamtazama tena Tunu.

"Sare!" alisema Mama. "Tutavaa sare, kama harusini!"

Baba akapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele. Tunu akapangusa macho.

Mtaani kwao, harusi ikifika, ndugu wote hushona kitenge kimoja. Mama mkubwa, mama mdogo, wajomba, watoto, wote nguo moja. Ukiwa mbali, ukaona kitenge kile, unajua: wale ni wetu.

"Ukiona kitenge chetu, umetuona sisi," alisema Mama. "Hata watu wawe wengi. Hata mkono uachie."

Tunu alifikiri. Alifikiri sana, akalitafuta swali. Swali halikuwapo!

Akashusha pumzi. Fyuuu. Akachukua andazi la mwisho, lile ambalo Shangazi alikuwa analitazama.

Kesho yake Mama na Tunu wakaenda dukani kwa muuza vitenge. Vitenge vilining'inia kutoka juu mpaka chini. Kulikuwa na vitenge vya maua, vya samaki, vya feni.

"Chagua wewe," alisema Mama.

Tunu akatembea. Akaangalia hiki, akaangalia kile. Halafu akasimama.

Kilikuwa kitenge cha manjano, manjano ya kung'aa. Na juu yake kulikuwa na miavuli myekundu, mikubwa kwa midogo.

"Hiki!" alisema Tunu.

"Una jicho, mtoto," alisema muuza vitenge. "Hiki ndicho kinachotoka sana wiki hii. Kila anayeingia hapa anakitaka."

Mama akafurahi. Tunu akafurahi. Nawe unayesikiliza, mbona unatabasamu? Ngoja kwanza.

Mama akashona. Trrr! Trrr! Tek-tek-tek! Likatoka gauni la Tunu. Trrr! Likatoka gauni la Mama na kilemba. Trrr! Likatoka shati la Baba.

Trrr! Trrr! Trrr! Trrr! Hilo sasa ni gauni la Shangazi Mwanjaa, na kilemba chake juu.

Jumamosi ikafika. Wakavaa. Wakasimama mlangoni, wote manjano, wote miavuli.

"Nani amevaa miavuli?" aliuliza Mama.

"Sisi!" walijibu wote, na sauti ya Shangazi ikasikika mpaka nyumba ya tatu.

Wakapanda bajaji. Prrr, prrr, prrr! Dereva aliwatazama, akauliza, "Harusi ni ya nani?"

"Ya tembo," alisema Tunu.

Wakafika kabla mlango haujafunguliwa. Walikuwa wamewahi kweli.

Lakini na watu wengine wote walikuwa wamewahi.

Foleni ilianzia mlangoni, ikapita kwenye maua, ikakunja kona, ikapotea. Baba alikuna kichwa.

Polepole wakasogea. Polepole wakaingia ndani.

Lo! Jumba lilikuwa kubwa. Dari lilikuwa juu, juu, juu. Na chini ya dari walikuwa watu. Chwa-chwa-chwa, viatu vyao. Bwa-bwa-bwa, maneno yao.

Tunu aliona magoti. Aliona mikoba. Aliona magoti mengine. Akaukaza mkono wa Mama.

"Mama, watu ni wengi. Na je, nikipotea?"

"Hupotei, Tunu. Mpango tunao. Nani amevaa miavuli?"

"Sisi," alisema Tunu, na moyo ukatulia kidogo.

Wakaenda kuona malori ya Baba. Yalikuwa picha kubwa, lori jekundu, lori la bluu, lori limekwama kwenye matope. Baba aliinamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto. "Hili la matope nalijua," alisema kwa furaha.

Wakaenda kuona nguo za zamani. Mama alizitazama karibu, karibu sana, mpaka mlinzi akakohoa. "Wameshona kwa mkono," alinong'ona Mama. "Kwa mkono, jamani!"

Shangazi akapata benchi lake, akapumzika kidogo. Sasa ikabaki zamu ya Tunu.

Wakaelekea ukumbi wa tembo. Watu wote nao walikuwa wanaelekea ukumbi wa tembo. Chwa-chwa-chwa! Bwa-bwa-bwa!

Wakaingia. Tunu akachungulia katikati ya magoti. Akaona kitu kinameta. Kitu kikubwa, cha mviringo, chenye vizibo, vizibo, vizibo.

Ulikuwa mguu wa tembo!

"Yuleee!" alisema Tunu. Akanyoosha kidole kumwonyesha Mama.

Na huwezi kuonyesha kwa mkono ulioshikwa. Kwa hiyo aliuachia mkono wa Mama. Kidogo tu.

Kisha akashika tena, haraka. Safari hii alishika gauni. Gauni la manjano, lenye miavuli myekundu.

"Mama, ona mkonga wake!" alisema Tunu, huku anatazama juu.

Mama hakujibu.

"Mama, ona masikio! Ya kijani!"

Mama hakujibu.

Tunu akageuza uso. Akatazama magoti, akatazama mkono, akatazama juu mpaka usoni.

Hakuwa Mama! Alikuwa mwanamke mwenye miwani, anaongea na simu.

Tunu akaachia. Akaona miavuli pale pembeni. Akakimbilia pale. "Mama!"

Hakuwa Mama. Alikuwa bibi mwenye fimbo.

Akaona miavuli kule. "Baba!"

Hakuwa Baba. Alikuwa mjomba wa mtu mwingine, mwenye ndevu.

Miavuli mbele. Miavuli nyuma. Miavuli kulia, miavuli kushoto! Ukumbi mzima ulikuwa wa manjano.

Na pale katikati, mbele ya tembo, alisimama bi harusi. Gauni jeupe, maua mkononi. Watu wa harusi walikuja kupiga picha na tembo, na wote walivaa sare.

Sare gani? Unaijua. Ile inayotoka sana wiki hii.

Tunu alisimama. Ule mpango wao mzuri, mpango wa Mama, mpango wa cherehani, sasa haukumsaidia chochote. Machozi yakatoka, na yakitoka hayaulizi.

"Maaama! Uuu! Uuu!"

Bibi mmoja mnene, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote, akamsikia. Akainama taratibu, mkono kiunoni.

Tunu alikuwa analia, lakini adabu hakuisahau. "Shi... shi... shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Mtoto mzuri. Unalia nini?"

"Mama yangu amepotea."

"Ooo, pole. Mimi ni Bibi Chiku, bibi yake bwana harusi. Tutamtafuta. Mama anaitwa nani?"

"Anaitwa Mama."

"Haya. Na watu wengine wanamwitaje?"

"Mama Tunu."

"Sawa, sawa. Na Mama Tunu amevaa nini?"

Tunu akanyoosha kidole kwenye gauni la Bibi Chiku. "Hiki kitenge."

"Hiki?" Bibi Chiku alijitazama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Makubwa haya!"

Bibi Chiku akaita. "Mama Tunuuu!"

Bwa-bwa-bwa, watu wakaendelea kuongea. Sauti ikapanda darini, ikapotelea huko.

Bibi Chiku akambeba Tunu, akamwinua juu. "Angalia vizuri, mjukuu wangu. Yupo?"

Tunu akaangalia. Manjano huku, manjano kule. Miavuli inakuja, miavuli inakwenda. Kila aliyemtazama alikuwa karibu kuwa Mama, halafu hakuwa Mama. Macho yakamchoka. Akafumba.

Akiwa amefumba, aliacha kulia. Alianza kufikiri.

Hawa wote ni watu wa harusi. Mama si mtu wa harusi. Baba si mtu wa harusi. Lakini wote wamesimama, ndiyo maana wanafanana.

Tunu akafumbua macho.

"Bibi," alisema. "Mimi nina mpango."

"Enhe, niambie."

"Watu wa harusi wakae chini. Wote."

"Chini? Hapa sakafuni?"

"Ndiyo. Mama hawezi kukaa. Mama ananitafuta."

Bibi Chiku akamtazama Tunu. Halafu akacheka, kicheko cha tumboni, tumbo likatikisika na Tunu akatikisika nalo.

"WATU WA HARUSI!" aliita Bibi Chiku. Na akiita Bibi Chiku kwa nguvu zake zote, hata tembo anasikia. "KAENI CHINI!"

"Chini wapi, Bibi?" aliuliza mjomba mwenye ndevu.

"Hapo hapo ulipo! Kaa!"

Ukoo ule wote unamtii Bibi Chiku. Mjomba akakaa. Puu! Mwanamke mwenye miwani akakaa na simu yake. Puu! Puu! Puu! Mashangazi wakakaa. Watoto wakakaa. Bwana harusi akakaa na suti yake mpya. Bi harusi akakaa, gauni likatanda sakafuni. Fwaaa!

Mlinzi alikuja mbio. "Jamani! Jamani! Hapa hairuhusiwi ku..."

Akamwona Tunu, na machozi shavuni. Akaelewa. Akavua kofia, na yeye akakaa.

Ukumbi ukawa kimya. Chini kote kulikuwa manjano.

Na juu ya manjano yale, ukimwacha Bibi Chiku aliyembeba Tunu, watu wawili tu wenye miavuli walibaki wamesimama.

Mmoja alikuwa mlangoni, anachungulia nje. Alikuwa Baba.

Mwingine alikuwa karibu na mkia wa tembo, kilemba kimekaa upande, anageuka huku, anageuka kule, machozi yanamtoka.

"MAMAAA!"

"TUNUUU!"

Mama akaja. Alikuja kwa kuruka watu. "Samahani! Shikamoo! Samahani! Shikamoo, mzee! Samahani!"

Akamchukua Tunu kutoka mikononi mwa Bibi Chiku. Akamkumbatia. Akamkumbatia mpaka miavuli ya gauni moja ikagusana na miavuli ya gauni lingine.

Tunu aliweka sikio kifuani kwa Mama. Moyo wa Mama ulikuwa unakimbia. Dudu-dudu-dudu-dudu!

Halafu ukapunguza. Dudu... dudu... dudu.

Halafu ukatembea pole pole. Du. Du. Du. Na wa Tunu nao ukatembea hivyo hivyo.

"Nilikuona kila mahali," alisema Mama, "na kila mahali hukuwapo."

"Na mimi," alisema Tunu.

Baba akafika. Aliwakumbatia wote wawili, akafuta uso kwa mkono wa shati. Alikuwa ametulia sasa, na furaha ilimjaa.

"Na Shangazi?" aliuliza Tunu. "Shangazi yuko wapi?"

Wakatazama waliosimama. Hayupo. Wakatazama mlangoni. Hayupo.

"Niko huku!" ilisikika sauti kubwa.

Shangazi Mwanjaa alikuwa amekaa sakafuni, katikati kabisa ya watu wa harusi, miguu ameinyoosha. Alikuwa anapiga soga na mjomba mwenye ndevu.

"Nimesikia watu wa harusi wakae," alisema Shangazi. "Na mimi harusi siikatai!"

Ukumbi wote ukacheka. Bibi Chiku akapiga kigelegele. Lililililiii! Mashangazi wote wakapokea. Lililililiii!

"Shhh!" alisema mlinzi. Lakini alikuwa anacheka.

Baba akampandisha Tunu mabegani. Sasa Tunu hakuona magoti. Alimwona Tembo wa Vizibo, mzima mzima, kuanzia mkonga mpaka mkia.

Vizibo vilimeta. Vyekundu, kijani, bluu. Na kwenye jicho la tembo kulikuwa na kizibo kimoja cheusi, kinamtazama Tunu moja kwa moja.

"Hujambo, tembo," alinong'ona Tunu.

Mpiga picha wa harusi akainua kamera yake. "Wenye sare wote, sogeeni!"

"Na nyinyi," alisema bi harusi, akimtazama Tunu. "Sare si mnayo?"

Wakasogea. Mama, Baba, Shangazi, na Tunu juu mabegani. Chk! Picha ikapigwa. Ukiiona picha ile leo, hutajua nani ni wa harusi na nani si wa harusi.

Jioni wakarudi nyumbani. Walikula wali na maharage. Shangazi Mwanjaa alisimulia habari zote, na kila aliposimulia, watu wa harusi waliongezeka.

Tunu akaoga. Akavaa nguo za kulalia. Akapanda kitandani, miguu imechoka, tumbo limeshiba.

Mama akamfunika shuka. Akazima redio ili nyumba itulie. Akalitundika gauni la manjano kwenye msumari.

Lakini Mama hakutoka. Alisimama tu kando ya kitanda, anamtazama Tunu.

"Mama Tunu, chai inapoa," aliita Baba kutoka sebuleni.

"Nakuja," alisema Mama. Akabaki pale pale.

Tunu alifumba jicho moja. Akalifumbua. Mama bado amesimama.

"Mama?"

"Naam, mwanangu."

Tunu akasogea ukutani. Akapigapiga godoro kwa mkono, pale alipoacha nafasi.

"Mama, umeshanipata," alisema. "Sasa kaa."

Mama akakaa.